Ndevu za Alwyn Tresidder

Wanaume wa ukoo wa Tresidder walikuwa wakinyoa ndevu mara mbili kwa siku. Alwyn alifundishwa hivyo na baba yake siku ile ile unywele wa kwanza ulipochomoza kidevuni, na baba yake alifundishwa na babu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kwa nini. Asubuhi kabla ya chai, jioni kabla ya nyama. Wembe wenyewe ulikuwa ule wa kukunja, wenye mpini wa pembe, uliokuja na babu kutoka Cornwall. Alwyn alikuwa akiunoa kwenye ukanda wa ngozi huku akipiga mluzi, kisha anajikwangua mpaka kidevu kinang'aa. Maji ya beseni aliyamwaga mwenyewe, nyuma ya nyumba, kabla mtu mwingine hajaamka. Mwanamume ambaye katika maisha yake hakuwahi kuinua hata sahani kutoka mezani, beseni lile hakumwachia mtu.

Shamba lake liliitwa Glenorra, maili ishirini na mbili kutoka mjini Burrigal, huko New South Wales, Australia, na kazi yake ilikuwa kuzalisha madume ya mbegu kwa wafugaji wengine. Alwyn alikuwa na kondoo elfu nne, mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume na Kitabu kimoja. Kati ya hao wote, Kitabu ndicho kilichopewa chumba chake peke yake. Kilikuwa na jalada la ngozi na kurasa nene, na ndani yake iliandikwa nasaba ya madume wa Glenorra: nani kazaliwa na nani, nani kapata utepe wa bluu wa ushindi kwenye maonyesho. Kurasa za mwanzo zilikuwa za ukoo wenyewe, wazaliwa wa kwanza wa kiume tu, kwa mwandiko ule ule. Mgeni aliyekifungua kwa haraka angeweza kudhani kwamba babu Tresidder naye aliwahi kushika nafasi ya pili kwa uzito wa manyoya.

Alwyn alikuwa na msemo mmoja aliousema kwa kila jambo. "Kwetu hakuna hilo." Kwato kuoza? Kwetu hakuna hilo. Ulevi, wazimu, miguu iliyopinda? Kwetu hakuna hilo. Kondoo mweusi? Hapo hakujibu kabisa. Alitabasamu tu, kama tajiri aliyeulizwa kama amewahi kulala njaa.

Kweli yenyewe ni kwamba kila Agosti, majike walipozaa, watano au sita kati ya mamia ya wanakondoo walitoka weusi tii. Alwyn akimwona mmoja, anamtia guniani, anampelekea mkewe Ivy mlangoni mwa jikoni, anasema, "Fanya ile kazi," kisha anaingia kunywa chai. Kwa maana shujaa huyu, aliyejisifu kwamba hajawahi kuogopa dume lenye pembe, hakuwa na moyo wa kutazama mwanakondoo akipigwa rungu. Mama wa mwanakondoo yule alichorwa alama ya chaki kichwani na Ijumaa akapelekwa kwa mchinjaji, kwa kuwa wazee wote waliozalisha madume ya mbegu walijua jambo moja: kosa ni la jike. Dume hakuulizwa kitu. Na kitabuni halikuandikwa neno, na kisichoandikwa kitabuni hakipo. Tuseme ukweli, mashamba mengine yote ya wilaya ile yalifanya vivyo hivyo, na kila mwaka weusi wakazaliwa upya, na kila mwaka wazee wakashangaa upya.

Kisha kijana wake Lindsay akaoa, tena akamwoa Colleen Quigg. Colleen alikuwa nesi wa hospitali ya Burrigal, binti wa mnyoa kondoo, Mkatoliki, na mwenye mdomo. Alwyn alizimeza dosari hizo zote nne kwa taabu. Maharusi wakapewa nyumba ndogo ya pembeni mwa uwanja, na Desemba iliyofuata akazaliwa mtoto wa kiume, Brendan.

Nywele za Colleen ni nyeusi. Za Lindsay ni za kahawia, kama zilivyokuwa za Alwyn kabla ya mvi. Mtoto alitoka na nywele nyekundu za rangi ya kutu, kutu hasa, kama bati la tangi lililosahauliwa mvuani.

Alwyn aliinama juu ya kitanda cha mtoto, akatazama kwa muda mrefu, akainuka. "Kwetu hakuna hilo," alisema.

"Bibi yangu mzaa mama alikuwa nazo, Baba," Colleen alisema. Siku zile bado alikuwa akimwita Baba.

"Basi zimetoka kwenu."

"Na kwenu pia. Nyekundu haitoki upande mmoja. Tulifundishwa."

Alwyn akajifanya kiziwi. Kitabu hakikufunguliwa. Krismasi ikapita, Januari ikapita na joto lake, na ukurasa wa ukoo ukabaki unaishia kwa Lindsay. Kila Jumapili Ivy alipanguza vumbi juu ya jalada lile, akamtazama mumewe, na mumewe akatazama dirishani.

Mwezi Machi kundi la wanyoaji lilikuja Glenorra kwa kazi ya kunyoa manyoya ya mikiani, kazi fupi ya wiki moja kabla ya majike kupandwa. Walikuwa wanaume kumi na wawili, na msimamizi wao, Snow Baxter, alikuwa mzee mwenye mgongo uliopinda kama kulabu. Wakati wa chai ya saa nne wote walikaa juu ya marobota ya sufu, wakila skonzi za Ivy. Lindsay alikuwepo, akifagia. Alikuwepo pia Hettie Oakes, mjane wa shamba la jirani, aliyekuwa akija kila mwaka kuomba manyoya machafu ambayo hakuna aliyeyataka. Hettie alifuga kondoo weusi watupu, akisokota nyuzi zao na kufuma fulana za kuuza. Alwyn alimwita Malkia wa Takataka, wala hakungoja aondoke ndipo amwite.

Mnyoaji mmoja, kwa wema tu, akauliza, "Na mjukuu hajambo, bosi? Nasikia ana kichwa cha moto."

Hapo ndipo Alwyn alipofanya kosa lake. Angeweza kusema hajambo. Angeweza kutafuna skonzi.

"Mjukuu?" alisema. "Tungemuuliza Ferris wa posta. Ferris ndiye mwenye nywele nyekundu njia hii nzima, na ndiye anayepita pale kwenye nyumba ndogo kila Jumanne na Ijumaa mimi na Lindsay tukiwa malishoni."

Kicheko kilianza kikafa njiani. Colleen alikuwa amesimama mlangoni na birika la pili la chai mkononi. Ferris, ni vizuri ijulikane, alikuwa na miaka sitini na minane, meno ya bandia, na ngiri.

Lindsay akaegemeza ufagio ukutani polepole. "Yafute maneno hayo, Baba."

"Nimesema tungemuuliza tu. Damu haidanganyi. Miaka thelathini nazalisha, najua kinachotoka wapi. Kwetu hakuna wekundu kama ambavyo kwetu hakuna weusi."

"Hakuna weusi?" Hettie Oakes alisema. Alikuwa ameketi sakafuni, anachambua mavi kutoka kwenye manyoya, wala hakuinua kichwa. "Hakuna kabisa, Alwyn? Hata mmoja wa bahati mbaya?"

"Fungua Kitabu uone."

"Kitabu kinaandikwa na wewe. Mimi nataka kumuuliza dume." Sasa akainua kichwa. "Niletee yule Meja wako, huyo unayempigia kelele maonyesho yote. Nina majike kumi na watatu, weusi kama sufuria. Msimu mmoja tu."

Wanyoaji wakasogea. Hakuna kitu mnyoaji anapenda kama ugomvi usiokuwa wake.

"Sasa hiyo itatuonyesha nini, mama?" Snow aliuliza.

"Kila kondoo ana sehemu mbili za rangi. Moja kapewa na baba, moja na mama. Naye akizaa anatoa moja tu, yoyote itakayotangulia. Sasa nyeupe ni msemaji. Ikiwemo hata moja, yenyewe ndiyo inayosikika, na nyeusi inakaa kimya humo ndani, hata vizazi vitano. Siku nyeusi ikimpata nyeusi mwenzake, ndipo inaposema. Majike wangu hawana nyeupe hata moja ya kutoa. Kama Meja ana nyeupe mbili kama Alwyn anavyoapa, wote watazaliwa weupe, na mimi nitasimama hapa hapa Agosti niseme Glenorra ni safi na Hettie Oakes ni mpumbavu. Kama ameficha nyeusi moja, nusu yao watatoka mkaa. Na nywele nyekundu, jamani, ni hivyo hivyo tu. Zinakaa kimya zikingoja mwenzao."

"Kondoo ni kondoo, watu ni watu," Alwyn alisema.

"Mwenyewe umesema damu haidanganyi, sasa hivi tu, na skonzi bado iko mdomoni," Hettie alisema.

Lindsay akamalizia, kwa sauti ndogo kuliko zote. "Basi iwe hivyo. Tutakaa mpaka Agosti, wakati hawa watakaporudi. Meja akizaa weusi, Baba, utasimama hapa mbele ya watu hawa hawa uyafute maneno yako, wote wasikie. Usipoyafuta tunakwenda Queensland, mimi, mke wangu na mwanangu. Na mtoto huyu hutamwona tena."

Colleen akaliweka birika chini. "Chai yako, Bwana Tresidder," alisema. Tangu siku hiyo hakumwita Baba.

Alwyn alimpeleka Meja kwa Hettie mwenyewe, tena akiwa amevaa kofia yake ya Jumapili. Hakuwa na wasiwasi. Meja alikuwa na tepe tatu za bluu. Ni kweli, misimu miwili nyuma palikuwa na wanakondoo weusi wanne watano upande wa Meja, lakini hao walitokana na majike wabovu, na majike wabovu walikwisha kuliwa. Ivy alisimama kwenye uzio akimtazama dume akiingizwa kwa majike wa Hettie, na uso wake ukawa na kitu ambacho Alwyn, kama angekuwa mtu wa kutazama nyuso za wanawake, kingemfanya arudishe dume wake nyumbani haraka.

Miezi ikapita. Maneno ya bandani yakaenea wilaya nzima, na mtu pekee aliyenufaika nayo alikuwa Ferris. Mzee huyo alinunua kofia mpya. Alianza kupaka mafuta nywele zake chache, akawa akiulizwa jambo lile baani anainamisha macho na kusema yeye ni muungwana, hawezi kuzungumza. Colleen alipozipokea barua alimtazama mpaka miguu yake ikakosa pa kukanyaga, lakini akifika Burrigal ujana unamrudia.

Julai mvua ikaja, na mto ukapanda kuliko watu wazima walivyokumbuka. Walilazimika kuwahamisha kondoo kwenda kilimani, na wale wa Hettie vilevile. Alwyn alikwenda kumtoa Meja, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine. Alimshika pembe, kama alivyokuwa akimshika kwenye maonyesho mbele ya wapiga picha. Lakini Meja, baada ya miezi minne na majike kumi na watatu, hakuwa tena na hamu ya mapicha. Alirudi nyuma hatua tatu na kumgonga bwana wake dhidi ya nguzo ya lango. Mkono wa kulia ukalia kama kijiti kikivunjika.

Barabara ya Burrigal ilikuwa chini ya maji. Daktari ng'ambo, kinyozi ng'ambo. Nesi alikuwepo mmoja tu, upande huu. Colleen alikuja na mbao za sanduku la chai na vitambaa, akaunyoosha mfupa, akaufunga gango, na katika muda huo wote alisema maneno mawili: "Tulia," na "Usiuchezeshe."

Asubuhi iliyofuata Alwyn alijifungia bafuni na wembe kwenye mkono wa kushoto. Alijikata chini ya sikio, akajikata kwenye koo, na alipojikata mara ya tatu, karibu na midomo, akaketi ukingoni mwa bafu, wembe mkononi. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na tisa alijitazama kiooni bila kujinyoa. Alijua atakachokiona. Alikuwa akikijua tangu ana miaka kumi na saba, kila asubuhi na kila jioni, na kila siku alikuwa na jibu lake tayari: ndevu ni ndevu, nywele ni nywele. Akaenda jikoni.

"Ivy, nishikie wembe huu."

Ivy alikuwa akikanda. "Mikono ina unga."

"Ukimaliza."

"Nikimaliza nina kuku wa kulisha."

"Jioni basi."

Ivy akaacha kukanda, akaitazama mikono yake kama mtu anayetazama wafanyakazi wake wazee. "Jioni itakuwa imechoka, Alwyn. Mikono hii imekufanyia ile kazi miaka thelathini na miwili. Hii ya leo haifanyi."

Lindsay alikuwa na wembe wa kisasa, ule wa kubanwa kwenye kishikio, ambao hata mtoto angeutumia kwa mkono wa kushoto. Lakini Lindsay tangu Machi alizungumza na baba yake habari za kondoo tu, na Alwyn alikuwa radhi avuliwe nguo sokoni kuliko kumwomba mwanawe kitu. Siku ya tatu Colleen alikuja kubadilisha vitambaa vya gango. Aliinua macho mara moja, akaona kidevu cha mkwewe, akayashusha. Akafunga fundo la mwisho taratibu, kwa uangalifu mkubwa, akaenda zake. Baada ya hapo Alwyn alitoka kila siku akiwa amejifunga skafu ya sufu kutoka kooni hadi puani. Jino, alisema. Jino linamuua.

Mafuriko yakakaa wiki tano, na jino likakaa pamoja nayo.

Katikati ya Agosti majike wa Hettie wakazaa. Alwyn alikwenda na Ivy, mwanamume na skafu yake, wakapita matope ya malisho ya chini mpaka kwenye zizi la Hettie juu ya kilima. Hettie alikuwa akiwangoja. Alifungua lango tu.

Wanakondoo walikuwa kumi na saba, wengine mapacha. Wanane weupe. Tisa weusi, na mmoja wao alikuwa akinyonya huku mkia unamtikisika kwa furaha, bila habari kwamba amevunja heshima ya miaka themanini.

Alwyn aliwatazama. Skafu ikapanda na kushuka. "Majike wako hawa," alisema hatimaye. "Ni takataka tu, Hettie. Nani ajuaye umewaokota wapi. Dume safi ukimtia kwenye takataka, unategemea nini?"

"Hivyo sivyo tulivyokubaliana," Hettie alisema.

"Mimi ninajua alikowaokota," Ivy alisema.

Alwyn akageuka.

"Amewaokota juu ya uzio wetu. Kwenye gunia." Ivy alizungumza kama mtu anayesoma orodha ya dukani. "Kila uliyeniletea mlangoni ukaniambia nifanye ile kazi, nilimbeba nikampitisha kwa Hettie, tukamnywesha maziwa kwa chupa. Miaka yote, Alwyn. Yule kibogoyo pale ni binti wa dume wako wa miaka ya vita. Yule mwenye doa ni mdogo wake Meja kabisa, baba mmoja, mama mmoja. Zizi hili lote ni Glenorra. Hakuna damu safi kama hii wilaya nzima, maana hakuna aliyeingia kutoka nje. Ulikuwa unapita hapa unacheka watoto wako mwenyewe."

Mtu mwingine angeketi chini. Alwyn Tresidder alisema, "Mbona hukuniambia?" na wanawake wale wawili walicheka mpaka Hettie akashikilia lango. Kilikuwa kicheko cha uchungu mwingi, na Alwyn alirudi nyumbani peke yake, hatua kumi mbele ya mkewe.

Wanyoaji walifika wiki ya mwisho ya Agosti, barabara ilipotoka majini. Watu kumi na wawili wale wale, banda lile lile, skonzi zile zile. Nje ya nyumba ndogo palikuwa na masanduku mawili na kreti ya sufuria, yamefungwa kamba. Treni ya Queensland ilikuwa ya kesho yake. Ferris naye alikuwa ameleta barua, na ingawa barua zilikuwa mbili tu, aliona ni busara kupumzika kidogo, akakaa juu ya robota na kofia yake mpya magotini.

Saa nne ilipofika mashine zikazimwa. Hettie akasema yaliyotokea, tisa kati ya kumi na saba, bila kutia chumvi. Snow akatikisa kichwa. Kisha watu wote wakamtazama Alwyn, na Lindsay alikuwa karibu na mlango, rangi imemtoka usoni. Mtu aliyemtazama Lindsay wakati ule angejua kwamba hakutaka Queensland hata kidogo. Alitaka neno moja kutoka kwa baba yake, na alikuwa akilitaka tangu akiwa mdogo.

"Naam," Alwyn alisema ndani ya skafu. "Meja ana kasoro. Nakubali, ni mbegu ya mama yake ile. Lakini kondoo ni kondoo, na watu ni watu, na mambo ya nyumbani yatazungumzwa nyumbani. Sasa turudi kazini."

Lindsay akageuka ili atoke nje.

"Ngoja, Lindsay," Colleen alisema. Alimkabidhi Ivy mtoto, akavuka sakafu ya banda, akasimama mbele ya mkwewe. Sauti yake ilikuwa ile ya wodini, isiyopandishwa na isiyokataliwa. "Jino bado linauma, Bwana Tresidder?"

"Kidogo."

"Wiki tano! Linaweza kuwa jipu, likapanda kichwani. Fungua nilitazame."

"Hapana haja."

"Fungua, bosi," Snow Baxter alisema kwa huruma ya kweli. "Shemeji yangu alikufa kwa jino."

Alwyn akatazama mlango. Palisimama mwanawe. Akatazama mlango mwingine, wa kutolea kondoo walionyolewa. Palisimama Hettie. Mkono wake wa kushoto ukapanda, ukalishika fundo, na kwa mkono mmoja ilimchukua muda mrefu wa aibu kulifungua. Skafu ikaanguka juu ya manyoya.

Kulikuwa na mvi, ndiyo, mashavuni. Lakini kidevu chote, na masharubu, na pembe za midomo, vilikuwa vyekundu vya kutu, kutu hasa ya bati la zamani, na mwanga wa dirishani ukaviwasha. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kitu. Wote wakageuza vichwa kumtazama mtoto mikononi mwa Ivy, kisha wakavirudisha.

"Ni jua," Alwyn alisema. "Jua la baada ya mafuriko limezibabua."

Hakuna aliyecheka, na hilo likawa baya zaidi kwake. Lindsay alikuwa amerudi ndani hatua mbili, anatazama kidevu cha baba yake kama mtu anayeona chumba kipya katika nyumba aliyokulia. Alwyn alimwona. Kitu ndani ya mzee yule kikalegea, labda kwa uchovu tu, kwa kuwa kunyoa mara mbili kwa siku miaka thelathini na tisa ni kazi.

"Hilo," alisema, macho sakafuni, "kwetu lipo."

Ferris akavaa kofia yake. Kati ya watu wote bandani, yeye peke yake ndiye aliyehuzunika.

"Sauti, Bwana Tresidder," Colleen alisema. "Wale wa nyuma hawakusikia."

"Nimesema kwetu lipo! Lilikuwa kwa baba yangu, na liko kwangu, na mtoto ni wa Lindsay, na nilijua, na nilisema uongo."

"Nyuma kule?" Colleen aliuliza.

"Tumesikia, dada," wakajibu wa nyuma.

"Mimi masikio yangu mabovu," Hettie alisema. "Arudie."

Akarudia. Ilimbidi aseme mara tatu kwa jumla, na mara ya tatu sauti ilikuwa imekatika, na alikuwa akimtazama Lindsay.

Colleen hakumwambia asante, wala hakusema kama masanduku yatafunguliwa. Alimchukua mtoto kwa Ivy, akampachika kwenye mkono wa babu yake wa kushoto, ule mzima, akarudi nyuma. Brendan akamkagua mtu huyu mpya. Akazitumbukiza ngumi zote mbili ndani ya ndevu na kuvuta kwa nguvu zake zote, mpaka machozi yakamtoka mzee. Mkono mmoja wa Alwyn umembeba mtoto na wa pili uko kwenye gango. Alitazama huku na huku, na katika banda lile zima hapakuwa na mtu aliyekwenda kumsaidia.